Pima kabla hajavishwa mpira wa puani

Wewe uliyepangiwa dirisha la bima, Mtwara au Lindi, jua hili mapema: madai ya mashine ya oksijeni ya nyumbani mara nyingi hayakatwi kwa sababu ya bei, hukatwa kwa sababu ya kipimo. Mgonjwa alifika amezidiwa, akavishwa mpira wa puani wa oksijeni papo hapo, na faili zima likabaki na kipimo kimoja cha oksijeni ya damu, kilichosomwa kidoleni akiwa tayari na mpira: 96%. Mkaguzi akiona 96 atauliza, mashine ya nini tena?

Kinachotakiwa ni kipimo cha mgonjwa aliyetulia, anayevuta hewa ya kawaida. Kizingiti kinachotumika sana kwa oksijeni ya muda mrefu ni 88% kushuka chini, au shinikizo la oksijeni kwenye ateri lisilozidi 55 mmHg. Lini aondolewe mpira ili apimwe, hilo ni la daktari. Usimsukume amtoe mtu oksijeni ili wewe upate namba. Na kwa mama zetu wa huku, angalia kucha. Piko au rangi ya kucha inaweza kupotosha kipimo, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa.

Cheti kinachosema "oksijeni nyumbani" tu kirudishe. Kiandikwe lita ngapi kwa dakika, saa ngapi kwa siku (kwa kawaida zisipungue 15), kwa miezi mingapi, na ugonjwa wenyewe. Msimbo wa ugonjwa (ICD-10) ndio unaowaponza wengi: J44 ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, J96.1 ni kushindwa kupumua kwa muda mrefu. Ukiacha J18, ambayo ni nimonia, huku unaomba mashine ya mwaka mzima, umejikatia madai mwenyewe. Aliyeandikiwa mashine ya CPAP kwa kukosa pumzi usingizini, G47.3, aje na majibu ya kipimo cha usingizi. Hiyo mashine husukuma hewa, haitengenezi oksijeni, basi usiichanganye na mashine ya oksijeni.

Kwenye ankara, mashine iwe mstari wake. Mpira, chujio na chupa ya maji mstari mwingine. Kama ni ya kukodi, andika kodi ya mwezi, si bei ya kununua. Namba ya mashine ifanane na iliyo kwenye fomu ya makabidhiano, na tarehe ya makabidhiano isitangulie ile ya idhini. Saidi wa kwenye kadi asigeuke Said kwenye cheti. Familia iliyojinunulia ikidai kurudishiwa, ilete risiti ya EFD. Karatasi ya mkono haitafika mbali.

Jambo linalosahaulika ni umeme. Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi. Kwa saa 15 ni uniti 5.25 kwa siku, karibu 158 kwa mwezi, na nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya chini ya uniti 75 inatoka humo. Wapigieni hesabu ya LUKU kabla hawajasaini, hasa nyumba inayosubiri fedha za korosho.

Umeme ukikatika, mtungi wa oksijeni wa lita 6,800 kwa lita 2 kwa dakika hukaa karibu saa 57. Uombe pamoja na mashine, sababu ikiwa imeandikwa. Ukiletwa mwezi unaofuata peke yake, utaonekana ni huduma iliyorudiwa, na utaanza kuandika barua za maelezo.