Barua kwa mwanangu: kuhusu hicho cheo

Mwanangu Zawadi,

Barua yako nimeisoma, na mama yako nimemsomea mara mbili. Unauliza kama ukubali kuwa meneja wa wachoraji hapo kiwandani, au ubaki na kompyuta yako, uendelee kuchora vipuri na kuiandalia mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, programu za kuvikata. Mshahara umeutaja, gari umelitaja. Karakana hukuitaja hata mara moja, nami hapo ndipo nilipokwama.

Unanijua: chuma hakidanganyiki. Umelisikia hilo tangu ukiokota taka za chuma zilizojiviringa chini ya mashine yangu ya kukereza.

Yule injinia kijana nilishawahi kukusimulia, lakini vumilia. Ndiye aliyetuletea mchoro wa kwanza wa kompyuta tuliouona pale karakana. Karatasi safi, mistari imenyooka, hata mimi niliupenda. Shafti ya boti, kipenyo milimita 50. Bushi yake ya shaba, ile pete ambayo shafti huzunguka ndani yake, tundu milimita 50. Basi. Hakuna hata sehemu ya mia ya milimita ya kuongeza au kupunguza. Nikamuuliza, "Mafuta yatapita wapi?" Akanijibu mbele ya vijana wanaojifunza kazi: "Mzee, kompyuta haikosei. Kata kilichoandikwa."

Nikakata kilichoandikwa. Nikapima kwa maikromita mbele yake, nikamkabidhi. Bushi ikagoma pale pale mdomoni mwa shafti. Akaagiza nyundo! Nyundo, kwenye shaba! Kisha kwenye ripoti akaandika kwamba mashine imechakaa. Mashine niliyokuwa nikiipaka mafuta kila asubuhi kabla ya chai. Alipoondoka nikalipanua lile tundu kidogo tu, bushi ikaingia kwa mkono, boti ikaenda Kalemie ikarudi. Ripoti haikubadilishwa.

Lakini kuilaumu kompyuta nayo si haki, iliandika ilichoambiwa. Wewe ndiye uliyenieleza habari za Pierre Bézier, injinia wa kiwanda cha magari cha Renault, Ufaransa, nikakwambia huyo ni mtu wangu. Aliingia kiwandani 1933, akafanya kazi na mashine miaka mingi, na ni miaka ya 1960 ndipo akaigeuza mipindo ya bodi za magari kuwa hesabu ambayo mashine inaweza kuifuata. Kisu alikijua kabla ya kioo cha kompyuta.

Halafu nikiitazama Liemba, ile meli kongwe ya ziwa letu, najibishana mwenyewe. Vyuma vyake vilichongwa Papenburg, Ujerumani, 1913, kwa michoro ya mkono, vikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, vikaja kwa meli na kwa reli hadi hapa Kigoma. Vikaunganishwa, na 1915 meli ikashushwa majini. Sasa kompyuta ya nini? Ila ukumbuke, waliiunda kwanza kule kwao ndipo wakaifungua tena. Leo nani atalipa gharama hiyo? Ninyi mnaunganisha kila kitu ndani ya kioo, mnaona tundu lipi halikutani na lipi kabla hata bamba halijanunuliwa. Hapo nanyamaza.

Na wewe si yule kijana. Ule mchoro ulionionyesha sikukuu, kona ya ndani uliiacha na mviringo mdogo bila kuambiwa na mtu, kwa sababu unajua kisu kinachozunguka hakiwezi kukata kona kali. Meneja anayejua hilo atawaepusha wakerezaji wengi na aibu niliyoipata mimi. Umeona? Sasa nakusukuma ukubali. Lakini ukikaa ofisini miaka mitano bila kunusa mafuta ya kukatia, utalijua bado? Chuma hakidanganyiki, lakini mtu husahau.

Sitakuamulia. Mama yako amenikataza, na umri wako pia unanikataza. Ila huyo meneja anayeondoka, uliwahi kumwona ameshika hata tupa? Haya, naacha.

Nijibu moja tu: hiyo ofisi ina mlango wa kushukia karakana, au itabidi uombe ruhusa? Na mchoro wa pampu ya mjomba wako utume kabla ya Ijumaa. Boti yake imelala Kibirizi na ananipigia simu mimi.

Baba yako