Muulize Fundi: Stima imerudi, kompyuta imegoma

SWALI: Assalamu alaykum, fundi. Mimi ndiye ninayeweka hesabu za ada za madrasa ya mtaani kwetu, kwenye kompyuta ya mezani hapa nyumbani. Juzi stima ilipotea usiku, ikarudi, ikapotea tena mpaka alfajiri. Tangu hapo nikiwasha naona kioo cheusi na maandishi meupe: "CMOS checksum error – Defaults loaded", nibonyeze F1. Nikibonyeza yaja mengine: "Reboot and select proper boot device". Kijana wa jirani asema diski imekufa, ninunue nyingine. Hesabu zote zimo humo na sina nakala. Nifanyeje?
Mama wa madrasa, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Diski usinunue. Umefanya vyema kunakili maneno kama yalivyo, maana wengi huniletea "imeandika Kizungu" nami nibaki kupiga ramli. Maneno yako ya kwanza hayataji diski kabisa. Aghalabu huwa ni kilio cha betri.

Ndani ya lile boksi watu waliitalo CPU mna betri bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoendesha saa ya kompyuta na kuhifadhi mipangilio yake wakati hakuna umeme. Lakini maadamu waya umechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa, saa hiyo hula stima hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kwa hivyo betri yaweza kuwa imekwisha zamani na nyumba nzima isijue, mpaka stima ikatike usiku kucha. Hapo kompyuta huamka haijui leo ni lini wala ianze na diski ipi, ikashika mipangilio ya kiwandani. Itazame tarehe yake: bila shaka imerudi nyuma miaka.

Kwanza chomoa flashi zote. Mipangilio ya kiwandani huenda ikatanguliza flashi, kompyuta ikaitafuta Windows humo, ikaikosa, na ikatoa maneno yale yale ya pili. Ikiwaka baada ya hapo, diski ni nzima, imebaki betri tu.

Kubadilisha betri si kazi ya kumwita mtu kutoka Mombasa. Zima ukutani, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kidogo ili umeme uliosalia uishe. Fungua ubavu wa boksi, na uguse bati lake kabla hujagusa kingine. Betri utaiona imelala kwenye kikombe cha plastiki chenye kilimi cha chuma pembeni. Sukuma kilimi, itaruka yenyewe. Usiing'oe kwa koleo. Sasa angalia bati lililokuwa chini yake. Kwetu huku upepo wa chumvi hauna adabu, na mara nyingi utakuta kijani kimeshika pale. Kisugue taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka chuma king'ae, upulize vumbi, ndipo uweke betri mpya, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Betri mpya juu ya kutu haitakufaa kitu.

Ukiwasha, bonyeza Delete au F2 mfululizo (kioo huandika ni ipi) uingie kwenye BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows. Weka tarehe na saa, na saa yenyewe ni ya Kizungu ya 24: saa tisa alasiri ni 15, si 9. Usiipuuze, kwa maana tarehe ikikosewa tovuti nyingi zitakataa kufunguka na utadhani intaneti ndiyo mbovu. Kisha tafuta orodha ya vifaa vya kuanzia. Jina la diski likiwemo, lipandishe liwe la kwanza, hifadhi, toka. Lisipokuwemo, zima tena, chomoa waya mwembamba wa diski pande zote mbili na uurudishe kwa nguvu. Ikianza Windows kisha ikaanguka kwenye kioo cha buluu, rudi BIOS uangalie SATA, yaani jinsi kompyuta inavyozungumza na diski, nazo njia ni AHCI au IDE: pengine ilikuwa AHCI, sasa imesoma IDE, au kinyume chake. Irudishe ilivyokuwa.

Liko jambo moja litakalonifanya nikubaliane na kijana wa jirani: diski ikitoa mlio wa tik, tik, tik. Hapo zima na usijaribu tena. Kila ukiwasha unazidi kuikwaruza, na hesabu za watu ni amana. Mpelekee fundi anayejua kuokoa data, kabla ya fundi wa kuuza diski.

Ikifunguka salama, nakili hesabu kwenye flashi siku hiyo hiyo. Na stima ikipotea siku nyingine, chomoa waya ukutani, usichomeke mpaka iwe imetulia, kwani ikirudi mafriji ya mtaa mzima huwaka pamoja na umeme hupanda na kushuka. Ekstensheni yenye taa nyekundu haizuii hilo, hata muuzaji aape. UPS ndogo, kisanduku chenye betri ya akiba, husaidia: hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima.

SWALI: Laptopu yangu tangu stima ilipokatika haiwaki kabisa, hata taa. Imekufa?
Kijana wa Shela

JIBU: Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika, kisha chomeka chaja peke yake uwashe. Ikikataa, azima chaja ya volti sawa na hiyo kabla hujamwachia mtu aifungue.