Ukifika Tabora, hujafika Kigoma

Kuna ugonjwa unaotupata sisi wa magharibi tukishaiona Tabora. Mtu ametoka Kigoma wiki kadhaa nyuma, kazunguka Arusha, Tanga mpaka Pwani, analala kwenye hema peke yake, na kote huko yuko makini. Akiingia Tabora akanywa chai ya maziwa pale stendi, anapiga simu nyumbani: "Kesho naoga huko." Kuanzia hapo si msafiri tena, ni mtu anayewahi. Kila uangalifu aliokuwa nao Singida anauacha hapo hapo kwenye kikombe.

Mimi ni mkazi wa Kigoma. Nimeirudia njia hii peke yangu, na Suzuki Escudo yenye umri wake na hema la watu wawili. Ninachomwambia mwanamke au mwanaume anayemalizia safari kama hiyo ni kimoja: usiku wa mwisho usiwe wa nyumbani. Lala kambini, mahali ambapo kesho yake utafika mlangoni kwako ndani ya saa moja. Watu hunicheka. "Yaani unakiona kitanda chako halafu unalala chini?" Ndiyo.

Sababu ya kwanza ni barabara. Tabora hadi Kigoma kwa kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza ni kilomita 400 na ushee. Wanaokumbuka vumbi na tope la zamani wanajua kwamba njia hii ilijengwa kipande kwa kipande, miaka na miaka. Siku hizi mtu akiamua anaimaliza kwa siku moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Lami nzuri inapita katikati ya vijiji vyenye mbuzi, ng'ombe na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Lori likiharibika linaachwa palepale, na alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani. Mchana unayaona mapema. Usiku unayaona ukiwa juu yake. Ukipanga kulala njiani usiku mmoja, halafu usiku wa pili kando ya ziwa, huna sababu yoyote ya kuwa barabarani gizani. Na kwenye kibao cha 50 utapita kwa 50 kweli, si kwa kuogopa tochi ya trafiki.

Halafu kuna jua, ambalo wageni kutoka Dar huwa hawalihesabu. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini Kigoma iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linazama karibu dakika 40 baada ya kuzama Dar. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado kweupe, na unajisemea una muda wa kilomita nyingine 50. Huna. Likishazama, giza haliji polepole huku kwetu. Kanuni yangu haiangalii jua: saa kumi jioni natafuta pa kulala, hata kama mwanga unanitania.

Kutafuta pa kulala ndiko ninakotaka ukae nako kidogo. Wapo wanaosema kambi salama ni ile isiyoonekana na mtu: unaingiza gari porini, unazima taa, unalala. Mkoa wa Tabora sikushauri hata kidogo. Sungusungu ilizaliwa huku, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, na vijiji vingi bado vina ulinzi wake wa usiku. Gari geni lililojificha vichakani haliwi utalii machoni pa mtu aliyewahi kuibiwa mifugo. Utaamshwa, na maelezo utakayoyatoa saa nane za usiku hayatakuwa na mashiko.

Nenda ofisi ya kijiji mchana. Mtafute mtendaji, au mwenyekiti wa kitongoji kama mtendaji hayupo. Salimia kwanza, kaa ukikaribishwa, usianze na shida yako. Mazungumzo yenyewe karibu kila mara huenda hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

"Niko peke yangu, mzee. Natokea Tabora, naelekea nyumbani Kigoma. Naomba sehemu ya kusimamisha hema, asubuhi nitaondoka."

"Peke yako! Na hilo gari nani anaendesha?"

"Mimi mwenyewe."

Hapo atacheka, ataita mtu, na utaambiwa ukaandike jina kwenye kitabu cha wageni. Onyesha kitambulisho cha NIDA bila kuombwa. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, hivyo ukaguzi wa Uhamiaji barabarani ni kawaida na kadi hiyo utaitoa tena na tena. Mara nyingi utapewa uwanja wa shule, au ua wa mjumbe. Mimi huomba ua wenye mama mwenye nyumba. Zawadi itoe asubuhi ukiondoka: kilo ya sukari, mche wa sabuni. Ukiitoa jioni unaonekana unanunua ruhusa.

Usishawishike kulala kando ya Malagarasi kwa sababu tu mto unapendeza. Mabonde ya Malagarasi na Moyowosi ni ardhioevu kubwa mno, ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Sifa hiyo maana yake kwa mwenye hema ni mbu, viboko na mamba. Piga picha, vuka, endelea.

Mbung'o nao wana sura yao. Kwenye miombo baada ya Kaliua wanaifuata gari inayotembea wakidhani ni mnyama, na wanang'ata juu ya nguo. Wanapenda bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo, funga vioo kwenye msitu, na haja zako zimalizie kijijini. Dawa ya mbu ya kujipaka haiwasumbui sana. Ukirudi nyumbani ukapata homa, pima malaria kama kawaida, lakini mwambie daktari wazi kwamba ulipita kwenye mbung'o. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, haimjii kichwani haraka asipoambiwa.

Gari sitalisemea sana. Kaza nati za magurudumu, kung'uta chujio la hewa, angalia upepo wa spea, kwa sababu spea ndiyo huwa imesahaulika mwishoni. Chumvi nunua Uvinza, ambako wanaipata kwenye chemchemi za maji chumvi tangu enzi za misafara. Samaki wa jioni utamkuta mbele.

Sasa huo usiku wa mwisho. Mimi hupenda upande wa fukwe za kusini ya mji wa Kigoma, kule Jakobsen, ambako unalipia na unapata maji na choo. Fika mapema mchana. Toa kila kitu garini. Osha sufuria, fua, anika hema likiwa wazi mpaka mishono ikauke, maana hema likiingia stoo na unyevu, likizo ijayo utakuta ukungu. Oga ziwani pembeni kabisa, na uulize wenyeji kwanza habari za mamba. Nasema pembeni kwa sababu Tanganyika ina kina cha mita 1,470, hakuna ziwa linaloizidi duniani ila Baikal, na sehemu nyingi hatua chache tu kutoka ufukweni chini kunapotea. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi unaweza kuinua mawimbi mchana, basi wahi asubuhi.

Lakini kazi kubwa ya usiku huo haihusu vyombo. Ukikaa wiki kadhaa peke yako unarudi na hali mbili: ama maneno yamekauka, ama unaongea bila kituo. Nyumbani watakupokea wote kwa pamoja, watoto, jirani, mdogo wako mwenye shida ya ada. Ukiingia moja kwa moja kutoka barabarani, mikono bado inatetemeka kwa usukani, utamjibu mtu vibaya kabla ya chakula. Nimeona ndoa ikinuniana wiki nzima kwa jambo hilo. Jioni moja ya kukaa na mlinzi wa kambi mkipiga soga juu ya bei ya mawese inatosha kukurudisha kwa watu.

Simu za "umefika wapi?" zijibu kwa ukweli, ila usitaje saa. Sema "kesho, Mungu akipenda." Ukitaja saa saba, saa nane watakuwa wameshapiga simu polisi.

Asubuhi pitia mwalo wa samaki wa Kibirizi kama si siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, bei inapanda.

Na asali ya Tabora, ambayo bila shaka umebeba, igawe kabla hujafika mtaani. Ipime kwenye chupa ndogondogo hapo kambini, ya nyuki wadogo uifiche chini ya kiti. Ukiingia na ndoo nzima, itapakuliwa jioni hiyo hiyo na wewe utabaki na mfuniko.