Muulize Sista: Mbona Mtoto Hakutundikiwa Dripu?

*Shikamoo Sista. Mwanangu wa miaka mitatu alizidiwa na malaria, akashikwa na degedege, tukamkimbiza hospitali. Wakampima sukari, wakamchoma sindano ya artesuneti ya mshipa, na maji wakamwekea ya kudondoka polepole mno. Mama mkwe akawaka. Anasema zamani mtoto wa malaria kali alitundikiwa dripu ya kwinini na maji ya kutosha, na alipona. Daktari akamjibu kwamba "mapitio ya kimfumo" yameonyesha njia hii ni bora. Mtoto kapona, mama mkwe bado ananuna, na mimi sikuelewa hayo mapitio ni kitu gani.*
*Mama wa Watatu, Korogwe*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mama mkwe mpe salamu zangu, maana mimi na yeye ni wa zama moja. Nimestaafu, lakini wodi ya watoto wakati wa masika siwezi kuisahau: watoto wawili wawili kitandani, na chupa za dripu zinaning'inia hadi kwenye misumari ya ukutani.

Kwinini iliokoa watu wengi na sitaki mtu aitukane. Lakini ilikuwa dawa ya kulindwa usiku kucha. Dozi ya kwanza inapita kwa saa nne, kisha nyingine kila baada ya saa nane, na muuguzi anahesabu matone kwa saa ya mkononi. Ikikimbia, moyo unaweza kupiga ovyo. Sukari ya mtoto hushuka, naye hata kabla ya dawa huenda alikuwa nayo kidogo. Akizinduka analalamika masikio yanavuma. Sasa piga picha: muuguzi mmoja, wodi imejaa, taa imekatika, na sindano imetoka kwenye mshipa mkono ukavimba. Mama mkwe anawakumbuka waliopona kwa sababu ndio waliorudi nao nyumbani.

Artesuneti ni kichupa kidogo cha unga mweupe, miligramu 60. Unatia mililita moja ya sodiamu baikabonati, unatikisa mpaka maji yanakuwa angavu kabisa (yakibaki na ukungu unayamwaga), unaongeza mililita tano za maji ya chumvi, unapiga hesabu ya uzito wa mtoto, unachoma. Dakika chache umemaliza. Unarudia baada ya saa 12 na saa 24, halafu mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza, ndipo anapewa dawa mseto dozi kamili ya siku tatu.

Hata hivyo, urahisi wa muuguzi si sababu ya kubadilisha dawa. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Asia, katika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, lenye wagonjwa 1,461. Kwa kwinini walikufa 22 katika kila 100. Kwa artesuneti, 15. Mwenye pupa angesema basi, kesho yake kwinini itupwe. Haikuwa hivyo. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wazima, na malaria kali ya mtu mzima wa Asia si sawa na ya mtoto wa Muheza, ambaye hupungukiwa damu na kushikwa na degedege. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipendekeza artesuneti kwa watu wazima mwaka 2006. Kwa watoto wa Afrika, subirini.

Subira hiyo wengine waliiona ni ukiritimba. Mimi naiona ndiyo uungwana wa kazi hii. Jaribio la watoto likafanyika katika nchi tisa za Afrika, watoto 5,425, matokeo yakatoka mwaka 2010: vifo asilimia 10.9 kwa kwinini, 8.5 kwa artesuneti. Sehemu mojawapo iliyoshiriki ilikuwa hapo hapo kwenu, Korogwe, na nyingine ni Muheza. Mwaka 2011 WHO ikabadilisha mwongozo wa watoto.

Sasa hayo mapitio. Jaribio moja ni shahidi mmoja, na mapitio ya kimfumo ni baraza linaloita mashahidi wote, hata wale ambao walipendelea kukaa kimya. Watu wanaandika swali kwanza, kabla hawajaona jibu: wagonjwa gani, dawa ipi dhidi ya ipi, tunahesabu nini, vifo au homa kushuka? Kisha wanasaka kila jaribio lililowahi kufanywa, lililochapishwa na lisilochapishwa. Watu wawili wanayasoma kila mmoja peke yake, wanalinganisha, wakipishana anaitwa wa tatu. Wanachunguza kama wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu kweli au daktari alijichagulia wenye nafuu. Mwisho ndipo wanapojumlisha.

Kuhusu dawa ya mwanao, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993, yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikusanya majaribio manane, watu wazima 1,664 na watoto 5,765. Hesabu yao kwa lugha ya kawaida: kati ya watoto 1,000 wenye malaria kali, wakipewa kwinini wote watakufa kama 108, wakipewa artesuneti, 83. Kwa watu wazima tofauti ni kubwa zaidi, 241 dhidi ya 147. Na hawakuficha kasoro: watoto wa artesuneti walioruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa bado na tatizo la neva walikuwa wengi kidogo, ingawa baada ya siku 28 tofauti hiyo haikuonekana tena. Mapitio yanayosifu tu bila kutaja kasoro, yaogope.

Lakini nadhani kinachomuuma mama mkwe ni yale maji. Zamani mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo yanayokimbia, alipewa maji mengi ya mshipa kwa mkupuo. Vitabu viliagiza hivyo, na ilionekana ni akili ya kawaida. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya jaribio la FEAST, lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 wa aina hiyo. Waliopewa maji kwa mkupuo, yawe ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), walikufa zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48. Wasiopewa mkupuo walikufa saba. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda, maana waliokuwa wakichungulia takwimu waliona kuendelea ni kuua. Mwaka 2016 WHO ikapunguza: mtoto asiye na dalili zote tatu za mshtuko wa damu, yaani miguu na mikono ya baridi, damu inayochelewa kurudi ukibonyeza ukucha, na mapigo dhaifu ya haraka, asipewe maji ya kasi.

Tahadhari, wasomaji wangu. Watoto wenye kuharisha hawakuwemo katika jaribio lile. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara anahitaji maji, tena haraka, na asije mtu akaninukuu vibaya kijiweni.

Kwako Mama wa Watatu: dawa mseto za nyumbani zimalizwe zote. Na kwa muda wa wiki nne hivi mwangalie mtoto. Akipauka, akichoka kupita kiasi au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, mrudishe akapimwe damu. Artesuneti kwa baadhi ya wagonjwa hufuatiwa na damu kupungua baadaye.

*Habari za kazi Sista. Mwalimu wetu anasema mapitio ya kimfumo ndiyo kilele cha ushahidi, hakuna cha juu yake. Je, nikishayapata, niache kuuliza?*
*Mwanafunzi wa Uuguzi, Dodoma*

Salama, mwanangu. Hapana, hapo ndipo unapoanza kuuliza.

Wakati wa korona yalizunguka mapitio yaliyodai ivamektini, dawa ya minyoo, inapunguza vifo sana. Kwa nje yalipendeza, majedwali yamepangwa. Ndani yake utafiti mmoja wa Misri, uliowekwa mtandaoni bila kuhakikiwa, ulibeba uzito mkubwa. Mwanafunzi wa udaktari jijini London, mtoto kama wewe, akaufungua na kusoma takwimu zenyewe. Akakuta wagonjwa walioandikwa wamekufa kabla utafiti haujaanza, na kumbukumbu za wagonjwa zilizonakiliwa mara mbili tatu. Julai 2021 ukaondolewa. Ukiutoa kwenye jumla, ile nafuu kubwa inanywea. Mapitio ya Cochrane yaliyotoka mwezi huohuo yalisema ushahidi uliopo hautoshi kujua kama dawa inasaidia au la. Hakuna aliyeyasambaza hayo kwenye magrupu.

La pili, uliza wagonjwa walikuwa wapi. Itazame nembo ya Cochrane: mistari saba ya mlalo na mmoja wa wima katikati. Kila mstari wa mlalo ni jaribio la kumchoma mama anayekaribia kujifungua kabla ya siku sindano ya steroidi, ili mapafu ya mtoto yakomae. Mingi ukiitazama mmoja mmoja inaugusa ule wa wima, maana yake jaribio hilo peke yake halikutosha kusema kitu. Yakijumlishwa, jibu linajitenga upande mmoja: watoto wanapona. Jaribio la kwanza, la New Zealand, lilichapishwa mwaka 1972, na wakunga wengi waliisubiri dawa hiyo miaka mingi kwa sababu tu hakuna aliyekuwa amekaa kujumlisha.

Sasa, dawa hiyo hiyo ikapelekwa hadi vijijini katika nchi sita, Kenya ikiwemo, mahali ambapo umri wa mimba unakisiwa na chumba cha watoto njiti hakipo. Matokeo ya mwaka 2015: njiti hawakunusurika zaidi, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Ikajaribiwa tena katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, pale penye kipimo cha mimba cha picha na huduma ya njiti. Mwaka 2020 jibu likaja: vifo asilimia 19.6 kwa waliopewa, 23.5 kwa wasiopewa. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni chumba ilimochomewa. Ukisoma mapitio, kabla ya kufikia jumla ya mwisho, nenda kwenye jedwali linaloeleza kila jaribio lilifanyika hospitali ya namna gani. Wanafunzi huliruka, nami nawalaumu walimu wao.

Angalia pia mara ya mwisho walisaka tafiti mwaka gani, na uhakika wa ushahidi wameupa daraja lipi: juu, wastani, chini au chini sana. Jibu zuri lenye daraja "chini sana" ni kisio tu.

*Sista, hizi tafiti zote za wazungu, miili yao na yetu mbalimbali. Tena nasikia kwinini imepigwa marufuku ili watuuzie dawa yao mpya. Kweli?*
*Msomaji, Kwale*

Ndugu yangu, umeandika ukiwa karibu na Kilifi, na Kilifi ilikuwemo katika jaribio la artesuneti na katika FEAST pia. Wengine walitoka Muheza, na Mbale, Soroti na Mulago za Uganda. Fedha nyingi na wasimamizi wengi walitoka nje, hilo kweli, na ni haki yako kuuliza kwa nini. Lakini waliosaini kwa kalamu au kwa dole gumba walikuwa mama zetu. Na dawa yenyewe asili yake ni mmea wa Kichina.

Kwinini haijapigwa marufuku. Artesuneti ya sindano ikikosekana, hutumika sindano ya artemetha; nayo ikikosekana, kwinini inarudi kazini, na ndiyo maana bado nawahimiza wauguzi vijana wajue kuhesabu matone. Na ukiwa mbali na hospitali, mtoto wa chini ya miaka sita mwenye malaria kali huweza kuwekewa artesuneti ya njia ya haja kubwa pale zahanati, lakini akishawekewa tu aanze safari ya hospitali, maana hiyo ni ya kumvusha njiani tu.