Kabla hujatia sahihi barua ya ridandansi (kupunguzwa kazini), uliza habari ya mkopo

Benki niliyoifanyia kazi Nairobi ilipofunga kituo chetu cha simu na kuwahamishia wateja kwenye programu, wenzangu wengi waliuliza swali moja: tutalipwa ngapi? Ni swali la haki. Ila kwa mfanyakazi wa benki, lililo zito zaidi ni: nadaiwa ngapi, na kuanzia mwezi ujao kwa riba gani?

Tulikopa kwa riba nafuu ya wafanyakazi, tukanunua ploti, tukalipa karo. Ukishatoka, mara nyingi mkopo huo hugeuzwa kuwa wa mteja wa kawaida, na makato yanapanda wakati mshahara umekatika. Tafuta mkataba wa mkopo usome kipengele cha kuacha kazi. Huenda umeiruhusu benki kujikatia deni kwenye malipo yako ya mwisho. Kisha andikeni barua kwa pamoja, mkiomba riba ya zamani iendelee kwa muda. Sisi tuliandika tukiwa kundi, tukaongezewa miezi kadhaa. Mtu mmoja mmoja hasikilizwi hivyo. Uliza pia bima ya mkopo, kwa sababu nyingine hulipa makato ya miezi michache mtu akipunguzwa kazini. Hakuna atakayekukumbusha.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka chama cha wafanyakazi na afisa wa leba waarifiwe angalau mwezi mmoja kabla, wakielezwa sababu. Wewe unadai notisi ya mwezi au mshahara wake, likizo ambazo hukuchukua, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Aliyefanya miaka 7 anapata siku 105, kama miezi mitatu na nusu. Hicho ni kiwango cha chini tu; mkataba wa chama unaweza kutoa zaidi, kwa hiyo usome.

Wanaoniumiza moyo ni walioajiriwa kupitia wakala. Walivaa beji ya benki, wakapokea matusi ya wateja wa benki, lakini karatasi zao zina jina la wakala. Kama ni wewe, peleka dai lako kwa wakala kwa maandishi, nakala kwa benki, nakala kwa ofisi ya leba, na ubaki na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.