Ukinunua Gari la Umeme, Subiri Saa Nne Usiku

Tangu nianze kuendesha gari la umeme hapa Nairobi, watu huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: linachukua muda gani kujaa chaji? Huniuliza jirani, huniuliza vijana wa kuosha magari, huniuliza hata wazee kanisani. Nami huwajibu kwamba linachaji nikiwa nimelala, kisha nawauliza yangu mawili: gari lako hulala wapi, na mahali hapo pana soketi? Mwenye majibu mazuri kwa hayo mawili hana haja ya kuhangaikia dakika. Kinachobaki ni kuchagua saa, na hapo ndipo nina mengi ya kusema, kwa sababu saa unayochomeka waya wako inamhusu pia jirani, mtaa, na hatimaye nchi nzima.

Tuanze na hesabu ya nyumbani. Naendesha Nissan Leaf iliyotoka Japani, yenye betri ya kilowati-saa 40. Kilowati-saa moja ndiyo ile yuniti moja unayoinunua kwenye token ya umeme. Kwa yuniti moja gari hili hunipeleka kilomita sita hivi. Mtu anayetoka Rongai kwenda mjini na kurudi, akapitia na sokoni, atatumia yuniti saba au nane kwa siku, pamoja na zile kidogo zinazopotea njiani wakati wa kuchaji. Sasa, soketi ya kawaida ya ukutani, ikivuta ampea 10 kwa volti 240, hutoa kilowati 2.4, yaani yuniti 2.4 kila saa. Gawanya mwenyewe: ni kama saa tatu na kitu. Ukianza saa 4 usiku, kabla ya saa 8 usiku gari limerudishiwa kila ulichotumia mchana, nawe hujageuka kitandani.

Ndiyo maana nawasihi wanaonunua gari la kwanza wasikimbilie chaja kubwa ya ukutani ya kilowati 7. Ni kifaa kizuri, ila kinahitaji waya mnene wa peke yake na breka ya ampea 32, ile swichi inayokata umeme mzigo ukizidi. Isitoshe, Leaf nyingi zinazoletwa kutoka Japani hupokea kilowati 3 tu kwa umeme wa nyumbani, isipokuwa zile ambazo mwenyewe wa kwanza aliongeza chaja ya ndani ya kilowati 6. Uliza hilo kabla ya kulipia gari. Ukifunga chaja ya kilowati 7 kwa gari la kilowati 3, litachaji kwa kilowati 3.

Chaja za kasi, zile za kilowati 50 na kuendelea, ni za safari. Ukienda Nakuru au Mombasa, dakika 40 hivi zinakufikisha asilimia 80, kisha kasi hushuka kwa sababu betri inayokaribia kujaa haipokei kwa pupa. Ondoka hapo kwenye 80, mwachie mwingine nafasi. Na kama gari lako ni Leaf, kumbuka betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Kuichaji kwa kasi mara mbili tatu siku moja katika joto la Voi au Mombasa huipasha moto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri. Hata nyumbani, betri iliyotoka barabarani saa moja jioni bado ina joto. Ikifika saa nne imepoa.

Sasa twende kwenye saa yenyewe.

Kenya haina shida ya umeme saa zote ishirini na nne. Shida yake iko jioni, kuanzia saa 12 na nusu hivi hadi saa 4 usiku. Watu wamerudi nyumbani, taa zimewashwa, pasi, birika, televisheni na hita za kuogea zote zinavuta, na jua limeshazama kwa hiyo sola haipo tena. Mwaka 2025 kilele cha matumizi ya taifa kilipita megawati 2,300 (megawati moja ni kilowati 1,000). Saa hizo gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, inakuwa kama stendi ya Machakos mkesha wa Krismasi: magari yapo, ila kila abiria anataka kuondoka sasa hivi. Ili kuziba pengo, hutegemewa umeme wa Ethiopia unaokuja kwa ile njia ndefu ya nyaya kutoka Sodo kule kwao hadi Suswa huku kwetu, na huwashwa mitambo ya mafuta mazito kama ile ya Kipevu, Mombasa. Ukichomeka gari saa mbili usiku, sehemu ya kile unachoweka kwenye betri huenda inatokana na mafuta yaliyochomwa Kipevu. Mtu aliyenunua gari hili ili aachane na moshi anafaa kulijua hilo.

Baada ya saa nne mambo hugeuka. Watu wanalala, matumizi yanashuka sana, lakini visima vya mvuke vya Olkaria havilali. Mvuke wa ardhini, ambao hutoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hii, haufungwi na kufunguliwa upendavyo kama bomba la maji, na upepo wa Turkana nao huvuma vizuri usiku. Kwa miaka mingi kumekuwa na usiku ambao mvuke unaachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Huo ndio umeme ninaotaka gari langu linywe. Ni safi, upo tayari, na hakuna mtu ninayemnyang'anya.

Wapo wanaosema magari ya umeme yataangusha gridi yetu. Nawaelewa, hasa wanaokumbuka ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima ilipokaa gizani. Lakini tupige hesabu. Chukua magari 100,000, kila moja likivuta kilowati 3. Yote yakichomekwa saa moja jioni, hiyo ni megawati 300, karibu sawa na uwezo wote wa mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyoongezwa juu ya kilele ambacho tayari kinatushinda. Magari hayo hayo, yakihitaji yuniti saba kila moja na kugawanywa kwa zamu kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, yanahitaji chini ya megawati 90 kwa wastani. Idadi ya magari ni ile ile na yuniti ni zile zile. Kilichobadilika ni saa.

Lakini mimi hofu yangu ya karibu iko kwa transfoma ya mtaa kuliko gridi ya taifa. Transfoma nyingi za mitaani ni za kVA 50, 100 au 200 (chukulia kVA moja hubeba karibu kilowati moja), na ziliwekwa kwa hesabu ya nyumba zenye taa, friji na pasi. Magari kumi yenye chaja za kilowati 7 yakianza pamoja jioni, hiyo ni kilowati 70 zimeongezwa kwenye nguzo moja. Dalili zake utaziona mapema: taa zinafifia, friji inanguruma bila kuwaka sawasawa, hita ya kuogea inatoa maji ya uvuguvugu. Volti ikishuka, hata gari lako huchaji polepole au hukataa kabisa. Na transfoma ikiungua, mnaweza kukaa gizani siku kadhaa, pamoja na yule mama jirani mwenye kuku wa kienyeji ndani ya friza na hana gari hata moja. Kwa nini yeye alipie raha yangu?

Kwa hiyo, kama uko kwenye ploti au mtaa wenye geti, ongea na wenzako kabla magari hayajawa mengi. Pale kwetu tulikubaliana kwa zamu: wengine wanaanza saa nne, wengine saa nane usiku. Askari wa geti ana orodha, kila mtu anaweka saa kwenye gari lake, na hakuna anayeamshwa. Mwenye nyumba za kupangisha naye ajue kwamba mita moja ya wote kwa magari huzaa ugomvi mwisho wa mwezi. Kila soketi ya gari iwe na mita yake ndogo ya kusomwa. Hilo halina mjadala.

Kuweka saa si kazi ngumu. Leaf ina kipima saa ndani yake: unachomeka waya jioni ukishuka, lenyewe linasubiri hadi saa uliyochagua. Shida ni kwamba gari la kutoka Japani linazungumza Kijapani. Fungua kamera ya simu yenye kutafsiri, ielekeze kwenye kioo, na utapita ukurasa kwa ukurasa. Ila angalia saa ya gari kwanza, kwa maana huenda bado inasoma saa za Japani, ambazo ziko saa sita mbele yetu. Kama gari halina kipima saa, mwambie fundi akufungie kimoja kwenye kisanduku cha breka. Vile vidogo vya bei rahisi vya kuchomeka ukutani usiviamini, maana vingi havistahimili ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo.

Hapo kwenye fundi niseme kwa uzito. Gari huvuta umeme mwingi kwa muda mrefu, jambo ambalo soketi nyingi za nyumba zetu hazijawahi kufanyiwa. Waya wa ekstensheni uliokunjwa chini ya gari ni moto unaosubiri nafasi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, akuwekee laini ya gari peke yake kutoka kwenye breka, apime na waya wa ardhini (earth). Kebo za kuchajia hukataa kufanya kazi pasipo na ardhi nzuri, na ziko sahihi kukataa. Siku za mwanzo, gusa plagi baada ya saa moja ya kuchaji. Ikiwa ya moto kiasi cha kutovumilika mkononi, zima.

Stima ikipotea katikati ya usiku, chomoa. Ikirudi, friji na hita za mtaa mzima huvuta kwa pamoja na volti hupanda na kushuka. Mimi husubiri kama nusu saa ndipo nirudishe waya, na kama tayari nina asilimia za kunifikisha kazini, naacha kabisa hadi usiku unaofuata.

Kuhusu pesa: tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa magari iliyoidhinishwa na EPRA. Ilipoanza ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa za usiku ambazo matumizi yako chini, kabla ya kodi na tozo. Inahitaji mita yake, tofauti na ile ya nyumba. Kwa mwenye gari moja linalotembea kidogo huenda usumbufu wa mita ya pili usilipe. Kwa mwenye teksi kadhaa, au mtaa ulioungana kuomba mita moja ya maegesho, yenye zile mita ndogo kwa kila soketi, tofauti ni kubwa. Yuniti nane kwa shilingi 8 ni shilingi 64 kabla ya kodi, kwa kilomita ambazo petroli ingemeza lita tatu.

Ndugu zangu wa boda boda wana mpango tofauti. Wengi hubadilisha betri kwenye vituo, na kituo ndicho kinachoamua kichaji lini. Ombi langu kwao ni dogo: badilisheni kabla ya saa 12 jioni au baada ya saa nne, vituo visilazimike kuchaji kwa haraka wakati wa kilele. Mwenye pikipiki yenye betri ya kubeba nyumbani, itie usiku ukilala, mahali penye hewa, mbali na kitanda na mbali na mlango wa kutokea.

Na kama kazini kwako kuna sola juu ya paa, ndiyo bahati kubwa kuliko zote. Garden City, pale Thika Road, waliweka paneli juu ya maegesho tangu 2015, gari lipate kivuli na jengo lipate umeme. Mwombe mwajiri wako soketi chache tu za maegesho, zinazowashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa tisa alasiri. Wafanyakazi wanane wakichaji hapo mchana, mtaani kwao jioni hawahitaji kugusa waya.