Saa 410 Hazikunisaidia: Kuchagua Ndege Nyepesi

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Amepata leseni yake pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ana saa 58 za kuruka, na yeye na rafiki yake wanachanga wanunue ndege nyepesi. "Kaka, tuanze na ipi, na tukishakomaa tuhamie ipi?"

Swali hilo limenigusa kidonda. Na mimi niliwahi kujiona nimekomaa.

Nilikuwa na saa 410, karibu zote kwenye Cessna 172. Klabu moja ikaniruhusu kurusha ndege yao ya viti viwili, ya lile daraja la kilo 600 ikiwa imejaa. Mwalimu akasema turuke pamoja saa tano kwanza. Nikambishia: mbili zinatosha. Cessna 172 ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo 1,000. Ukipunguza mafuta yanayoingia kwenye injini, ndege inashuka na kutulia. Ile nyepesi nilikuja nayo kwa kasi niliyozoea, kama kilomita 120 kwa saa, ilhali yenyewe ilitaka 100 tu. Ikakataa kushuka. Ikaelea, ikaelea, uwanja unaisha mbele yangu. Badala ya kupaa tena nikaisukuma pua chini. Gurudumu la mbele likagonga kwanza na kupinda, propela ikala changarawe.

Sikuumia. Bili ya fundi nililipa kwa miezi saba. Lakini kilichoniuma zaidi ni sauti niliyoisikia pale watu wanaponywea chai: "Na huyo ana saa mia nne!" Ni miaka sita sasa, bado naisikia.

Nilirudi kwa mwalimu yule, nikamwomba radhi, tukaruka saa nane. Mwezi uliopita nilitua na ndege ya aina ileile katika upepo wa ubavuni ambao wenzangu wawili waliukimbia. Najivunia, sifichi.

Sasa, mdogo wangu. Kwa saa zako 58, tafuta ndege yenye gurudumu la mbele na tabia ya upole. Tecnam P92 ya Italia imefundisha wengi. Mimi ningekuelekeza kwa Sling 2: inatengenezwa karibu na Johannesburg, jiji lililoinuka karibu sawa na Nairobi, kwa hiyo imezaliwa katika hewa nyembamba kama yetu. Hilo si jambo dogo. Wilson iko mita 1,690 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 28 ndege inajihisi iko mita 2,500, na injini yake, Rotax ya nguvu farasi 100, inabaki na kama 75. Ruka asubuhi.

Flight Design CT ya Ujerumani ni ya kasi na ina parashuti ya kubeba ndege nzima, lakini usukani wake ni mwepesi na inapenda kuelea wakati wa kutua. Ngoja ufike saa 150. Zenith CH 701 inatua pafupi ajabu, ila tabia yake ni kinyume: ukipunguza mafuta kasi inakufa mara moja. Zile za gurudumu la nyuma, kama nyingi za CubCrafters, usiziguse bila mwalimu aliyezizoea, hata ukiwa na saa elfu. Namwambia hivyo hasa rubani mzoefu, kwa sababu mikono yake ina mazoea mengi ya kusahau kuliko yako.

Na kabla ya kupenda rangi, piga hesabu. Tuseme ndege tupu ina kilo 370. Kufika zile 600 zimebaki 230. Ninyi wawili mkiwa na kilo 95 kila mmoja, na mizigo kilo 10, mnabaki na kilo 30 za mafuta: lita 41 hivi, za saa mbili kwa injini inayokunywa lita 18 hadi 20 kwa saa. Toa na akiba. Malindi hamfiki. Wauzaji hawakuanzii hapo, na marubani wengi tunaona aibu kutaja uzito wetu. Acheni aibu hiyo!

Jumamosi njoo uwanjani saa moja asubuhi, kabla jua halijapasha lami. Nitakukutanisha na mwalimu wangu. Mlete na rafiki yako, na mje na mizani ya nyumbani.